Udugu wa Wanafunzi na Amana ya Mgonjwa

Liko swali moja la maadili ambalo masomo ya udaktari hulipitia kwa haraka, nayo jamii yetu aghalabu hulinyamazia. Afanye nini mwanafunzi wa udaktari anapoingiwa na shaka juu ya mwenzake. Anapoanza kuona kwamba huyu anayeketi naye darasani, anayekula naye meza moja na kulala naye chumba kimoja, hafai kukabidhiwa uhai wa watu? Aseme au anyamaze? Na akisema, amwambie nani, na kwa haki gani?

Huenda msomaji akashangaa kulikuta swali la namna hii katika mkusanyo wa insha za utamaduni wa taifa, akadhani mahali pake ni katika vyuo vya tiba. Sisi hatuoni hivyo. Kijana anayekabiliwa na shaka hii hatalipata jibu lake katika somo la mifupa na mishipa. Atalitafuta katika yale aliyolelewa nayo kabla hajafika chuoni: udugu ni nini, aibu ni nini, siri hutunzwa mpaka wapi, na mtu anayemsema mwenzake huitwaje. Hayo ndiyo utamaduni wenyewe. Na kwa kuwa malezi hayo hutolewa nyumbani na shuleni, miaka mingi kabla mtu hajavaa koti jeupe, walimu na wanafunzi wa shule za sekondari wana sababu njema ya kulijadili swali hili mapema.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina neno mganga, na kwa muda mrefu neno hilo limewabeba watu wa namna mbili bila kuona taabu. Anayesimamia tiba katika wilaya huitwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ijapokuwa amesoma chuo kikuu. Na jirani yake anayechimba mizizi porini naye ni mganga. Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni upungufu wa lugha, nao hulipendelea neno daktari. Sisi twadhani lugha ilikuwa na busara yake. Iliwatazama watu hawa wawili kwa upande wa kile walichokabidhiwa, ikaona kwamba ni kitu kimoja: mwili wa binadamu katika saa ambayo mwenyewe hawezi kuutetea.

Zamani, katika sehemu nyingi za nchi yetu, aliyetaka kujifunza uganga alimfuata mkubwa wake kwa miaka. Alimbebea mkoba, akachimba dawa, akatwanga, akachemsha, akaona wagonjwa wakipona na wengine wakifa. Wala hakuwa na ruhusa ya kutibu mpaka mwalimu wake aridhike naye, ndipo apewe mkoba. Hatusemi kwamba utaratibu huo haukuwa na kasoro. Walaghai walikuwapo, na mara nyingine mkoba ulirithiwa na mtoto kwa sababu tu ni mtoto. Lakini mgonjwa wa wakati huo alikuwa na kinga moja ambayo wa leo hana. Alimjua mganga wake. Alijua kama ni mlevi, kama ni mwongo, kama mkono wake hutetemeka, na kama wale aliowatibu mwaka uliopita walipona au walizikwa. Kijiji kizima kilimtahini, na mtihani huo haukuwa na siku ya kwisha.

Utaratibu wa leo hauwezi kuwa hivyo, wala hatutamani urudi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Mwaka 1963 kikaanzishwa chuo cha udaktari mjini Dar es Salaam. Mwaka 1968 kikawa kitivo chini ya chuo kikuu. Mwaka 1976 kikaunganishwa na hospitali yake kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Mwaka 1991 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 chuo kikuu kamili. Vyuo vingine vya udaktari navyo vimezaliwa, Moshi, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Hayo ni mafanikio yasiyopasa kubezwa. Walakini yameleta hali mpya. Mama wa Newala akifika hospitali leo aweza kupokewa na daktari aliyezaliwa Bukoba na kusoma Mwanza, mtu ambaye hajapata kumwona maishani. Anamvulia nguo, anamnyoshea mkono achomwe sindano, anakubali kutiwa usingizi na kupasuliwa. Anafanya hivyo kwa kuwa watu wengine, asiowajua pia, wamekwisha kumhakikishia kwamba huyu anafaa: wakufunzi waliomfundisha kwa miaka mitano, hospitali iliyomsimamia katika mwaka wa utarajali, na baraza la madaktari lililomwandikisha.

Sasa watu hao wote wana kasoro moja. Humwona mwanafunzi katika saa alizojiandaa kuonwa. Mkufunzi hupita wodini asubuhi, akauliza maswali, akajibiwa. Mtahini hukaa naye dakika chache, kisha akaandika alama. Anayemwona saa nane za usiku, wakati ambapo hakuna mkubwa, mgonjwa analia na usingizi umemkamata, ni mwanafunzi mwenzake. Yeye ndiye anayejua kama jibu zuri la asubuhi lilitoka kichwani au lilinong'onwa na jirani. Yeye amekalia kiti ambacho zamani kilikaliwa na kijiji kizima. Hakukiomba kiti hicho, lakini hakuna mwingine aliyepo.

Tuchukue mfano, tupate kuona uzito wa jambo. Tuseme mwanafunzi wa mwaka wa nne yuko zamu katika wodi ya wazazi. Ameagizwa kumpima mama mjamzito shinikizo la damu kila baada ya saa nne. Saa kumi za usiku amechoka; hampimi, bali anaandika katika jalada la mgonjwa 120 juu ya 80, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa mara iliyotangulia. Mwenzake aliye naye zamu ameona kwamba kipimo hakikuondoka mahali pake. Asubuhi daktari anapita, anasoma, anaridhika, anaenda kwa mgonjwa wa pili. Wanaoijua kazi hii wanajua tarakimu hizo zina maana gani. Mimba ikivuka majuma 20, shinikizo la 140 juu ya 90 ni onyo. Likifika 160 juu ya 110 ni hatari iliyo mlangoni, na mama aweza kushikwa na kifafa cha mimba, akapotea yeye na mtoto wake. Dawa ya kuzuia degedege hiyo ipo, ni magnesiamu salfeti, wala si dawa ya ghali. Lakini nani atampa dawa mgonjwa ambaye jalada lake linasema ni mzima?

Na tuseme mama huyu hakupatwa na lolote. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, na hapo ndipo penye mtego. Asubuhi inafika, mgonjwa ananyweshwa uji, kijana aliyedanganya anajiona mjanja kidogo, na mwenzake aliyeona anajiambia kwamba hakuna aliyedhurika. Usiku wa pili uwongo ni mwepesi zaidi kuliko wa kwanza. Na kimya nacho ni chepesi zaidi, kwani aliyenyamaza mara moja amekwisha kuwa mshiriki. Akitaka kusema baadaye ataulizwa kwa nini hakusema jana.

Si kila shaka, hata hivyo, ina uzito huu, na ni vema kuzitenga. Iko shaka juu ya maarifa: kijana hajui kitu anachopaswa kujua. Hii si kazi ya wenzake kuifichua. Mitihani ipo kwa ajili hiyo, na udugu wa kweli hapa ni kukaa naye jioni na kumfundisha. Iko shaka juu ya mkono na moyo: kijana huanguka anapoona maiti ikipasuliwa, au hushindwa kuupata mshipa. Wengi walioanza hivyo wamekuwa madaktari hodari, na wako walimu wanaosema kwamba humwogopa zaidi yule ambaye hakutetemeka hata siku ya kwanza. Shaka ya tatu ndiyo inayotuhusu, nayo ni shaka juu ya tabia. Huyu anajua, tena mkono wake ni mwepesi, lakini huandika ambalo hakulifanya, huacha zamu bila kuaga, humtukana mgonjwa maskini na kumnyenyekea tajiri, na akionywa hucheka.

Mwaka 2005 Maxine Papadakis na wenzake walichapisha huko Marekani uchunguzi unaofaa kufikiriwa hapa. Waliwachukua madaktari 235 waliopewa adhabu na mabaraza ya udaktari kati ya mwaka 1990 na 2003, wakawalinganisha na madaktari 469 waliosoma katika vyuo vilevile vitatu lakini hawakupata adhabu, kisha wakayafunua majalada yao ya wakati wa uanafunzi. Ikaonekana kwamba adhabu ya utu uzima ilifungamana na mwenendo mbaya uliokwisha kuandikwa chuoni, hasa mambo mawili: kutowajibika kupita kiasi, na kushindwa kabisa kujirekebisha. Alama duni za masomo nazo zilikuwa na uhusiano, lakini mdogo kuliko huo. Tusiutumie uchunguzi huu kama ramli. Wako wengi waliokuwa wakorofi ujanani ambao hawakumdhuru mtu, na hakuna hesabu inayoweza kumhukumu kijana kwa kosa ambalo hajalitenda. Lakini unatuonyesha kwamba jambo ambalo wanafunzi huliona na kuliita utani wa vijana, mara nyingine ni alama ya kweli.

Kwa nini basi wananyamaza? Tukisema ni waoga tutakuwa tumewaonea. Kimya chao kimejengwa kwa mawe mazuri, tena mengi yametoka katika utamaduni wetu. La kwanza ni udugu. Waliosota pamoja chuoni huwa ndugu, na ndugu hamsemi ndugu yake kwa watu. Hata utaratibu wa udaktari wenyewe umeusifu udugu huo tangu kale. Kiapo cha Hippocrates, cha Ugiriki ya kale, kilimtaka daktari amhesabu mwalimu wake kama mzazi, na watoto wa mwalimu kama ndugu zake. Na Tamko la Geneva la mwaka 1948, lililotolewa na Chama cha Madaktari cha Dunia, likawataka madaktari wawahesabu wenzao kuwa ni ndugu. La pili ni huruma. Yule kijana ametumwa na ukoo mzima. Baba ameuza ng'ombe, shangazi ameuza mkufu, na kijijini wamekwisha kuanza kumwita daktari kabla hajafika mwaka wa tatu. Nani atakuwa na moyo wa kuwarudishia watu hao mtoto wao mikono mitupu? La tatu ni uhaba. Nchi yenye kiu ya waganga, wanasema, haichagui maji. Daktari hafifu ni bora kuliko kutokuwa na daktari.

Hoja hii ya mwisho twaweza kuimaliza upesi. Mahali penye madaktari kumi, uwongo wa mmoja utagunduliwa na tisa. Mahali penye daktari mmoja, uwongo wake ndio ukweli wa hospitali nzima. Kwa hiyo uhaba unatutaka tuwe wakali zaidi, na yule asiyefaa hupelekwa hasa kule ambako hakuna wa kumsahihisha.

Hoja ya udugu na huruma ni nzito zaidi, na inatupasa tuingie katika jambo ambalo Waswahili huliita stara. Mtu mwungwana humsitiri mwenziwe. Akimkuta ameanguka humfunika, hasimami njia panda kutangaza. Hili ni pambo kubwa la utamaduni wetu, nasi hatutaki kuona vijana wakifunzwa kulidharau kwa jina la maendeleo. Lakini tujiulize: stara ni mali ya nani? Mtu akiniibia kuku wangu, naweza kumsitiri, kwa kuwa kuku ni wangu na hasara ni yangu. Akimwibia jirani yangu, nami nikaficha, hapo sikusitiri. Nimetoa sadaka mali ya mwenzangu. Wanafunzi wanaokubaliana usiku kwamba jambo la mwenzao liishie hapohapo wanasamehe deni ambalo si lao. Mwenye deni ni yule mama wa wodini, naye hakuitwa katika kikao hicho. Hajui hata kwamba kimefanyika.

Wahenga waliolea stara ndio hao hao walionena kwamba mficha uchi hazai, wakimkumbusha mzazi aliye katika uchungu kwamba aibu yenye thamani siku zote haina budi kuwekwa kando mbele ya mkunga. Walijua kuwa kuna saa ambayo kufunika ni kuua. Chama kile kile cha Madaktari cha Dunia kilichousifu udugu kiliirekebisha kanuni yake ya maadili mwaka 1983, ikamtaka daktari ajitahidi kuwafichua madaktari wenzake wenye upungufu wa tabia au wa uwezo. Hatuoni kwamba udugu ulitupwa hapo. Ulipewa mpaka, na mpaka huo ni kitanda cha mgonjwa.

Inabakia hofu ya jina. Mtu anayemsema mwenzake ataitwa mchongezi, na katika shule zetu hakuna jina baya kuliko hilo. Vijana wanajua tofauti kati ya kuchongea na kushuhudia, ila mara nyingi hawajaisikia ikielezwa. Mchongezi husema asichokiona, au hukikuza alichokiona, humsema mtu kwa yule anayemchukia, hupata faida, na hawezi kuyarudia maneno yake mbele ya msemwa. Shahidi husema alichokiona kwa macho yake, siku fulani, mahali fulani. Humwambia mwenye mamlaka ya kurekebisha. Hapati kitu, tena aghalabu hupoteza. Na yu tayari kuyarudia maneno yale yale msemwa akiwapo. Mwalimu akiletewa habari, kipimo hicho cha mwisho kitamfaa kuliko vingine vyote.

Na asije mtu akadhani kwamba utamaduni wetu haukuwa na mlango wa kumwambia mtu aibu yake. Watani walikuwa na ruhusa hiyo. Mnyamwezi aliweza kumwambia Mzaramo mbele ya watu maneno ambayo yangetoka kwa mwingine yangeleta ugomvi, naye Mzaramo akamrudishia. Hata msibani watani walitaja uchoyo wa marehemu huku wafiwa wakicheka na machozi machoni. Utani ulikuwa njia ya kusema kweli bila kuvunja ujirani. Wanafunzi wa chuo kimoja wanao utani wao, na pengine hapo ndipo pa kuanzia: mwenzake wa chumba amwambie, kwa mzaha wenye ncha, kwamba jana kipimo cha shinikizo kilipima chenyewe ukutani. Wako watakaostuka kwa neno hilo na kuacha. Asiyestuka ametuonyesha jambo jingine juu yake.

Lazima tuseme sasa juu ya upande wa pili, maana shaka nayo huweza kuwa silaha. Tarehe 18 Novemba 1870, mjini Edinburgh, kundi la wanafunzi wanaume lilifunga lango la jumba la mtihani na kuwarushia matope wanawake waliokuwa wakisomea udaktari, Sophia Jex-Blake na wenzake. Hao waliorusha matope walikuwa na yakini kwamba wanawake hawafai kazi hiyo. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Waafrika wa kwanza waliosomea udaktari Makerere, ambako mafunzo hayo yalianza katika miaka ya 1920, walipewa vyeo vya usaidizi chini ya Wazungu, na kwa miaka mingi sifa yao haikutambuliwa Uingereza. Hao nao walionewa shaka, na walioona shaka walijiita walinzi wa mgonjwa. Basi anayemshuku mwenzake na aichunguze shaka yake kabla ya kuitoa nje. Je, ningeliona kosa hili kama lingetendwa na mtu wa kabila langu? Kama angekuwa mwanamume? Kama lafudhi yake isingekuwa ya shamba, na kama hakunizidi katika mtihani wa juzi? Shaka inayoweza kutaja tendo inastahili kusikilizwa. Shaka inayotaja mtu peke yake, kwamba alivyo tu hafai, inafaa irudishwe ilikotoka.

Tena yuko asiyefaa kwa sababu anaumwa. Kijana aliyekuwa makini huanza kunywa, au hukaa kitandani mchana kutwa, huacha kuoga, husahau zamu. Wenzake huona uvivu, kumbe ni huzuni iliyogeuka maradhi. Ni ajabu kwamba watu wanaojifunza kutambua maradhi ya wengine hushindwa kuyatambua ya mwenzao wa chumba. Lakini mganga hajigangi, na inaonekana hata jirani yake hamgangi. Kwa huyu kunyamaza ni ukatili mara mbili, kwa mgonjwa wa wodini na kwa yeye mwenyewe.

Hatupendi kuwadanganya vijana kwamba anayesema hushukuriwa. Mjini Bristol, Uingereza, daktari wa usingizi aitwaye Stephen Bolsin aliona kwamba watoto waliokuwa wakipasuliwa moyo katika hospitali yake walikuwa wakifa kupita kiasi. Hakuwa na ugomvi na wapasuaji. Alikusanya hesabu, na tangu mwaka 1990 akawaeleza wakubwa. Upasuaji ukaendelea mpaka mwaka 1995. Tume iliyotoa taarifa yake mwaka 2001 ilikadiria kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 walikufa watoto wachanga kati ya 30 na 35 zaidi ya waliotazamiwa kufa kwa kazi ya namna hiyo mahali pengine. Bolsin mwenyewe alikwisha kuhamia Australia. Jambo linalotushika zaidi katika habari hii ni kwamba tume haikuwaona madaktari wale kuwa watu wabaya. Walijali, walichoka, walikesha. Palikosekana mahali ambapo neno la mwenzao lingeweza kufika na kupokewa. Kama madaktari wazima walikosa mahali hapo, kijana wa miaka 22 anayeogopa kufukuzwa chuo atafanyaje?

Kwa hiyo mzigo huu hauwezi kuachwa juu ya bega la mwanafunzi peke yake. Chuo ambacho huwahimiza vijana kusema, kisha hakina mlango unaojulikana, wala mtu anayeaminiwa nyuma ya mlango huo, kinawatega. Mkufunzi anayepokea habari ana wajibu wa kuandika alichoambiwa, kumwita anayeshukiwa ajitetee, kuangalia mwenyewe wodini kwa majuma kadhaa, na kumlinda aliyeleta habari asije akalipizwa. Akiona shaka haina msingi, amwambie hivyo aliyeileta, tena bila kumkemea, ili siku nyingine asiogope kurudi.

Na mambo haya huanza kabla ya chuo. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayempa jirani yake karatasi ya majibu husifiwa kuwa ana moyo mzuri. Katika somo la sayansi hutokea mara nyingi kwamba kundi zima linanakili vipimo vya kundi moja lililofanya jaribio, na mwalimu aliyechoka, mwenye wanafunzi wengi na mizani moja, anajua na anapitisha. Tunaelewa uchovu wake. Lakini ile tarakimu iliyoandikwa bila kupimwa haina tofauti na ile ya wodi ya wazazi isipokuwa kwamba hapa kilichokuwa juu ya mizani ni chumvi. Mwalimu wa sekondari anayesema, "Kama hukupima, andika hukupima, nami sitakupunguzia alama kwa ukweli huo," amefanya kazi ya chuo cha udaktari miaka kadhaa kabla yake.

Limebaki jambo la yule atakayeonekana kweli hafai. Akigunduliwa katika mwaka wa pili au wa tatu, njia zake bado ni nyingi. Kuna kazi za maabara, za takwimu, za ualimu, ambazo akili yake itazifaa bila mtu kulala kitandani mbele yake, ingawa uwongo hauna nyumba njema mahali popote, na hilo naye aambiwe. Akigunduliwa baada ya miaka kumi ya kazi, atakuwa na makaburi ya kuulizwa. Vyuo hupenda kumwondoa mtu wa namna hii kimyakimya, kwa tangazo la ubaoni lenye namba yake, akarudi kijijini na hadithi yake mwenyewe. Hatuoni kuwa hiyo ni heshima kwa ukoo uliouza ng'ombe. Mkuu wa chuo amwandikie mzazi barua kwa mkono wake, kwa Kiswahili ambacho mzazi atakisoma bila kutafuta wa kumfasiria, aeleze kilichoonekana na kilichojaribiwa kabla ya uamuzi, na ataje pia masomo ambayo kijana huyu aliyaweza.